Nishani ya Kaka Yohana

Sogea karibu na moto, mwanangu, nikwambie kosa langu moja. Naikumbuka mpaka leo baridi ya asubuhi ile tulipopanda lori, mimi na mama, kutoka Mahongole kwenda bomani Njombe. Kaka yangu Yohana alikuwa amekufa vitani Burma, na Bwana Shauri, mzungu wa serikali pale bomani, alimwita mama ampe nishani ya marehemu. Karani akatusomea kwamba Yohana alirudi kwenye risasi kumbeba mwenzake aliyevunjika mguu. Watu wakapiga makofi. Mama akauliza jambo moja tu, kaburi lake liko wapi. Karani akainamia karatasi zake, akaita jina lililofuata.

Kwetu msiba ulikuwa haufungwi mpaka kitu kizikwe. Mwili ukikosekana, tulizika nguo ya marehemu. Mashati ya Yohana wadogo zetu walishayavaa mpaka yakachakaa, kwa hiyo mama akasema tuzike nishani, ubavuni mwa baba. Nikakataa katakata. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na kichwa kigumu, usicheke, nawe unacho. Nikaibandika kifuani, nikaenda nayo kanisani, nikaenda nayo mpaka gulioni Makambako. Nilijiona mtu kwelikweli. Mama hakunigombeza. Alikaa tu jikoni, nywele hajanyoa, jembe hajagusa, na mvua zilishaanza.

Wiki zikapita, akaja mgeni kutoka Kifanya, anachechemea kwa fimbo. Ndiye yule aliyebebwa. Alinikuta uani, nishani inang'aa kifuani pangu. Akanisalimu kwa upole, kisha akasema:

"Dada, tulimwacha kule. Hatukupata hata nafasi ya kumfukia. Nimekuja niweke udongo wangu. Kaburi mmelichimba wapi?"

Mwanangu, nilikosa pa kuuweka uso wangu. Nikaivua ile nishani, nikaingia jikoni, nikampigia mama magoti.

"Mama, nisamehe. Twende tukamzike."

Tukachimba mchana uleule. Mgeni akatia udongo wake, akaangua kilio, na mama, ambaye bomani hakutoa hata chozi, akamkumbatia wakalia pamoja, akimwita mwanangu, mwanangu. Kesho yake alinyoa nywele, akauliza jembe lake liko wapi.

Basi nisikilize. Aliyekufa kishujaa jivunie, wala usione haya. Lakini kabla hujajipamba kwa jina lake, muulize aliyemzaa anahitaji nini. Mimi nilimvaa kaka yangu sokoni, mama yangu akakosa mahali pa kumlilia, na aliyenifumbua macho ni mtu wa mbali. Mungu akupe masikio ya kumsikia hata yule anayenyamaza. Akupe uzee mrefu, mwanangu, na siku yako ikifika, wanaokupenda wawe karibu, wajue ulipolala.