Kiganja cha Mama Mapipa

Shangazi yangu ni mtunza mashine katika maabara ya chuo. Mashine yenyewe ni mapipa mawili membamba, moja ndani ya jingine. La nje ni la kioo, la ndani la chuma, na katikati umebaki upenyo wa vidole viwili uliojaa maji. Kila pipa lina mkanda wake, linazungushwa kivyake. Ndiyo maana wanafunzi wanamwita Mama Mapipa, naye anaitika.

Nilipoacha shule alinichukua nimsaidie kuosha vyombo vya maabara. Hapo ndipo nilipoyajua maji. Shangazi hutia unga unaometameta, kisha huzungusha pipa la ndani peke yake. Maji yanajipanga pete juu ya pete, kama bangili mkononi. Akiongeza kasi, pete zinayumba. Akilizungusha na la nje kinyume, basi tena, yanavurugika, huoni mwanzo wala mwisho.

"Ndiyo mimi na baba yako utotoni," huniambia. "Kila mtu anavutia kwake, nyumba haikaliki."

Kuna jambo nililiona nikanyamaza. Nyumbani alikuwa akisema, "Hebu nitungie uzi kwenye sindano, mikono yangu ina mafuta," na mikono ilikuwa mikavu kabisa. Macho yalikuwa yanamtupa mkono. Aliogopa chuo wakijua watampumzisha, na kazi ile ameifanya miaka ishirini na miwili.

Wiki ile mwalimu tunayemwita Mrefu alikuwa anapima nguvu inayohitajika kuzungusha pipa maji yakishavurugika. Zamani alisoma hapohapo, na Shangazi aliwahi kumchapa kofi mkononi kwa kugusa mkanda unaozunguka. Mpaka leo akipita karibu na mikanda hutia mikono mfukoni.

Alhamisi maji yakagoma. Mrefu akaongeza kasi, akaongeza tena. Maji tuli, yamebebwa na mapipa kama mtoto mgongoni.

"Haiwezekani," akasema. "Mapipa yanapingana, maji yanalala?"

Kijana mmoja wa miwani, mwanafunzi wake, akajikaza. "Mwalimu, jana jioni nilifungua bati linalofunika mikanda nikafuta vumbi. Labda ni mimi nimeharibu."

"Nani alikutuma? Kazi ya wiki nzima hiyo! Kesho usije."

Shangazi akasogea. Akaweka kidole kimoja juu ya kioo kinachozunguka, kidogo tu, na kingine kwenye mhimili wa pipa la ndani. Kioo ni laini na chuma kimesuguliwa, kwa macho huwezi kujua mapipa yanaelekea wapi. Vidole vyake vyote viwili vikavutwa upande mmoja. Mapipa hayakuwa yanapingana.

Asubuhi ile alikuwa ameufunga mkanda wa pipa la nje yeye mwenyewe, pua inakaribia kugusa bati. Mkanda wa kuzungusha kinyume hupindwa katikati kama namba nane. Ule ulikwenda moja kwa moja. Angeweza kunyamaza, kijana alikwisha kubeba lawama.

"Mwache mtoto wa watu," akasema. "Zima mashine. Mkanda haukupindwa. Niliufunga mimi."

"Wewe, Mama? Wewe hukosei."

"Sioni, baba. Mwaka wa pili huu. Nafunga kwa kupapasa, na leo vidole navyo vimenisaliti."

Mrefu akatoa mikono mfukoni. "Mbona hukuniambia?"

"Ungenifanyaje? Ungenipa kiti nje ya mlango nikae nasalimia watu."

"Ningekupeleka kwa daktari wa macho. Na kesho asubuhi nakupeleka, utake usitake. Halafu unarudi hapa, nani mwingine atanichapa?" Akamgeukia kijana. "Bwana mdogo, nisamehe. Kesho uje, tena mapema."

Shangazi akaupinda mkanda upya, kijana akimwangalizia. Mashine ikawashwa. Akaweka kiganja kwenye kiunzi cha chuma, kichwa kimeinama.

"Bado... bado... Haya. Yamevurugika."

Mshale wa kipimo ukaruka baada ya yeye kusema. Mrefu akautazama, akamtazama yeye, kisha akamsukuma kijana taratibu. "Nenda ukafundishwe. Mimi hilo sikuwahi kulijua."

Shangazi akauchukua mkono wa kijana, akauweka kando ya wake. "Usikandamize, hukandi unga. Sikiliza tu."

Kijana akavua miwani, akafumba macho.