Shimizi Nyuma ya Kompyuta

Kinyozi mmoja, ambaye wateja wake walimwita Wembe ingawa alikuwa laini kama pamba, alikuwa na maisha mawili. Kazini alinyoa vichwa. Akirudi nyumbani alikaa kwenye kona ya sebule, mbele ya kompyuta yake, akawa rubani. Mchezo wenyewe ulikuwa wa kurusha ndege za abiria, na yeye hakuufanyia mzaha. "Mabibi na mabwana, fungeni mikanda," aliwatangazia watu ambao hawakuwepo, huku mkewe akikunja nguo kwenye kochi na kutikisa kichwa.

Tatizo ni kwamba kompyuta ilikuwa kuukuu. Ndege ikikaribia kutua, picha ilikwamakwama kama mtu mwenye kwikwi. Basi Wembe akajifunza kuingia kwenye mipangilio ya ndani na kuilazimisha prosesa, ule ubongo wa mashine, ikimbie kuliko ilivyopangiwa kiwandani. Lakini mbio zina jasho lake. Prosesa ikichemka mno, kompyuta hujizima yenyewe isije ikaungua. Kwa hiyo akawa anaongeza kasi kidogo, anapima joto, anaongeza tena. Alifungua kasha akafagia vumbi kwa brashi ya kufutia shingo za wateja. Akapaka krimu mpya ya kupitisha joto kati ya prosesa na kile chuma cha mapezi kinachokaa juu yake. Akafunga feni ya pili, ya kutoa hewa ya moto kwa nyuma. Joto likatulia kwenye nyuzi sabini, ndege ikawa inatua kama njiwa, na Wembe akavimba kichwa mtaa mzima.

Ndipo mama mkwe akaja kukaa nao, atibiwe goti.

Wembe alimheshimu mpaka ikawa tabu. Alimwamkia ameinama, hakukaa naye kochi moja, na akikohoa mbele yake aliomba radhi. Na mara tu mama alipozoea nyumba, joto la prosesa likaanza kupanda. Themanini. Themanini na nane. Jumapili moja mchana, Wembe akiwa juu ya mawingu na ndege imejaa, nyuzi zikagusa mia na kioo kikawa cheusi tii.

"Vipi, baba?" mama mkwe akauliza kutoka kwenye kochi.

"Imezima, mama."

"Na wale abiria?"

"Wame... wameanguka, mama."

"Maskini! Na ulivyowahimiza wafunge mikanda."

Wembe akafungua kasha upya. Vumbi hakuna. Akapaka krimu nyingine, akafungua dirisha, akaipulizia mashine kwa mdomo. Wapi! Mwisho akainama nyuma ya meza na tochi. Kwenye tundu la kutolea hewa, limetandazwa vizuri bila kikunjo, palikuwa na shimizi la mama mkwe, jeupe, lenye lesi. Mvua ilikuwa haikatiki wiki ile, na mama wa watu alikuwa amegundua mahali pakavu pa kuanikia.

Sasa, mkwe gani anashika shimizi la mama mkwe? Wembe aligeukia ukuta kama aliyemfumania mtu bafuni, kisha akamkimbilia mkewe jikoni.

"Mama yako ameanika kitu."

"Kitu gani?"

"Cha ndani."

"Ndani ya nini?"

"Usinilazimishe kusema!"

Mkewe alipoelewa alicheka hadi akaegemea jokofu. "Mimi simo. Kompyuta yako, mkweo huyo, malizaneni."

Wembe akajaribu mafumbo wakati wa chai. "Mama, unajua mashine ile inapumulia nyuma?"

Mama mkwe akaweka kikombe chini polepole. "Baba, mambo ya nyuma hayasemwi mezani."

Kesho yake alisubiri mama aingie kuoga. Akachukua ufagio wa mpini mrefu, akafumba macho, akaliondoa shimizi kwa ncha ya mpini huku kompyuta ikinguruma. Feni ilipopata nafasi ikapuliza kwa hasira ya siku zote ilizobanwa, na shimizi likajaa upepo, likapepea katikati ya sebule. Mlango ukafunguka. Mama mkwe alikuwa amesahau sabuni.

"Baba," akasema, "tunapandisha bendera?"

Wembe akapiga magoti, macho bado kayafumba, ufagio bado uko juu, akamwaga yote: kasi, joto, feni, ndege iliyoanguka. "Nisamehe mama, ilikuwa inaungua!"

Mama mkwe akajitupa kwenye kochi, akacheka mpaka goti likamuuma. "Yaani umeogopa shimizi kuliko moto? Ungesema tu! Nilidhani umeniletea mashine ya kukaushia. Nimekusifia hata hospitali!"

Kamba ya nguo ikafungwa barazani, na joto likashuka. Wembe naye akaipunguzia prosesa kasi kidogo, maana mama alisema hata punda hapigwi kila hatua.

Kisha mama akataka kujua kuna nini humo ndani ya huo mchezo. Akaketishwa kwenye kiti cha rubani, Wembe amesimama nyuma yake kwa adabu.

"Vuta, mama. Vuta! Mama, vuta!"

"Mbona unanifokea?"

"Samahani, mama. Tafadhali, ukipenda, vuta."

Walitua kwenye shamba la mahindi. Mama akageuka, akauliza kama abiria wanaweza kuteremkia hapo hapo.