Bingwa wa Sataranji Anayesaga Mihogo Makere

Saa mbili asubuhi, mashine ya kusaga inaunguruma sokoni Makere, wilayani Kasulu. Claudine Niyongabo anamimina mihogo mikavu, kitambaa kimemfunika pua, kope nyeupe kwa unga.

"Bingwa, unga wangu usiuchanganye!" mteja anapaza sauti. Claudine hatabasamu.

Mama huyu wa miaka 31 ndiye bingwa wa taifa wa sataranji kwa wanawake.

"Wakiniita hivyo nachoka zaidi," anasema, akiinamia ndoo nyingine.

Mchezo huo alifundishwa na baba yake, Tharsisi, walipokuwa bado wakimbizi kutoka Burundi. Kambini hapakuwa na shamba la kulima, hivyo mzee alichonga kete za mti, akamkalisha binti yake mbele ya ubao. Walipopata uraia wa Tanzania wakahamia Makere.

Mwaka jana Claudine alikwenda Dodoma kwenye mashindano ya taifa. Kabla ya mchezo wa mwisho alizima simu, kama sheria inavyotaka. Alishinda. Baada ya kupigwa picha na kombe, akaiwasha.

"Nikakuta dada Firdausi kapiga, kapiga, kapiga. Baba kaanguka uani, kapooza upande mmoja, hawezi kusema. Na mimi huku nacheka na watu."

Firdausi, mwenye duka jirani, ndiye aliyemkuta mzee na kumtafutia gari la hospitali.

"Nilimwambia, mdogo wangu, kosa si lako. Hasikii," anasema.

Tangu hapo Claudine humwogesha baba yake, humlisha, ndipo huja mashineni. Ubao hakuugusa tena. Waandaaji walipompigia simu akatetee taji, aliwajibu hawezi.

Mzee alikuwa amelala pembeni, akasikia. Kesho yake alimvuta binti yake kanga, akanyoosha mkono wa kushoto, ule uliobaki mzima, kwenye kabati lenye ubao.

"Nikamwambia, Dawe, baba yangu, nimechoka. Akaing'ang'ania kanga, machozi yanamtoka. Nikautoa."

Siku ile kete nyingi zilimponyoka mzee, wakaziokota, wakaendelea. Sasa hucheza kila jioni, Claudine akishatoka kazini. Mkono huo wa kushoto wa mzee umeanza kutulia, ingawa neno bado halijamtoka.

Mashindano ni mwezi ujao. Claudine hatakwenda.

"Taji atachukua mwingine, sawa tu," anasema, akizima mashine na kujifuta unga usoni. "Nitarudi kushindana. Ila kwanza nataka baba anifunge ubaoni."