Mama Alivyolia Mbele ya Budha

Harufu ya udi ikinipitia popote, hata dukani, namwona mama ameketi peku kwenye sakafu ya mawe, upepo wa ziwa ukimpeperusha kitenge.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Weston, mtaa wa wahamiaji ughaibuni, mimi na mama tu. Baba alibaki kwetu Uvira akingoja karatasi za kusafiria, na tangu mapigano yaingie mjini simu yake haikupatikana tena. Kanisani walimwombea kila Jumapili. Mama alikuwa akitunza wazee pamoja na Bi Linh, Mvietnamu mpole, na huyo ndiye aliyetupakia kwenye gari lake Jumamosi moja hadi hekalu lao, nje ya jiji, kando ya Ziwa Ontario.

Budha alikuwa mweupe, mrefu kuliko nyumba, akiyatazama maji kwa macho nusu wazi.

"Huyu naye anasinzia," mama alisema.

Nilicheka kwa woga. Mwalimu wetu wa Jumapili alikuwa ametuonya sana kuhusu sanamu, kwa hiyo nikaanza Baba Yetu kimoyomoyo, nisije nikapatikana na kosa.

Mama aligeukia maji. "Ziwa la kwetu lina ng'ambo," akasema. "Unaona milima ya upande wa pili. Hapa huoni kitu."

Kisha akavua viatu, akaketi chini, akaangua kilio. Alimwita baba kwa jina lake hasa, si "Papa Neema", kwa jina langu, kama siku zote. Waliokuwa wakichoma udi waligeuka, wakatazama, wakaendelea na yao. Bi Linh alimshikia mkoba. Mimi nilimvuta mkono nikimwambia kwa Kiingereza twende nyumbani, lakini hakunisikia.

Njiani alininunulia chipsi, akaniuliza kama zimekolea chumvi.

Ilipita miaka kabla hajaweza kunieleza. Wiki ile shemeji yake alikuwa amempigia simu: baba ameuawa, na wamekwisha kumzika. Mama hakwenda kwa Budha kuomba kitu. Alitafuta mahali pa kulia ambapo hakuna ambaye angemwambia kwamba Mungu ana mpango wake, na ambapo mimi nisingejua analilia nini.

Miaka ile yote nilipiga magoti kabla ya kulala, nikamwomba Mungu amlete baba salama. Mama, kando yangu, aliitikia amina.