Skrubu za Mervyn Trewartha

Kabla mikono yake haijaanza kumsaliti, Mervyn Trewartha alikuwa mtu wa kuogopwa. Katika karakana ya reli ya Terrawee, mji mdogo wa Australia, alianza na useremala akapanda hadi unyapara, na hakuna mwanagenzi aliyepita chini yake akatoka na kiburi chake kizima. Alikuwa na ulimi wa msumeno. Kijana akileta mlango uliopinda kidogo tu, Mervyn aliukagua kwa jicho moja, akaukanyaga ukavunjika, kisha akamtuma aanze upya, naye akiendelea kunywa chai yake. Waliomchukia walikiri kwamba mabehewa yaliyotoka mikononi mwake hayakutoa mlio hata yakipita kwenye reli mbovu.

Karakana ilipofungwa, wengi waliufuata mkate wao pwani. Mervyn alibaki na mkewe Nance katika nyumba yao ya mabati nyuma ya kituo. Na kwa kuwa hakuwa tena na watu wa kusimamia, akaanza kusimamia jiko. Alisimama nyuma ya Nance akimwonyesha namna ya kukata karoti. Alipanga upya makopo kabatini. Alimwambia kwamba miaka yote hiyo alikuwa akianika nguo vibaya. Nance aliendelea na kazi yake. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mtaratibu, na watu wa kanisani walidhani hana neno la kusema.

Baadaye mji uliigeuza karakana ile kuwa makumbusho, na wastaafu wakajitolea kufufua mabehewa yaliyokuwa yakioza kwenye njia ya reli ya pembeni, yamejaa vumbi jekundu na mavi ya kasuku. Mkuu wao alikuwa Lindsay Spurr, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye ujana wake wote ulipita chini ya unyapara wa Mervyn. Mpishi wao wa chai alikuwa Athol Beswick. Huyo alitumia maisha yake kuwapikia wakata manyoya ya kondoo, na huko hakuna mtu anayedumu bila kujifunza kudhihaki. Kazi yao kubwa ilikuwa behewa moja la daraja la kwanza, lenye kuta za mwerezi mwekundu na viti vya ngozi.

Mervyn alipofika kujiunga nao, mkono wa kulia ulikwisha kuanza kutetemeka, na wa kushoto ulikuwa ukijifunza. Alitarajia kukataliwa, akaja na maneno yake ya kujibu. Hakuyahitaji. Lindsay alimpokea kwa heshima, akamwita bosi kama zamani, akamvutia kiti karibu na jiko la kuni, akamwekea mbele kopo la skrubu za shaba zilizofubaa, pamoja na kitambaa na dawa ya kung'arishia.

"Hizi ndizo zitakazoshika milango, bosi," alimwambia. "Jicho la mgeni litaanzia hapo. Siwezi kumpa mtu yeyote tu."

Basi kila Jumanne na Jumamosi Mervyn alikaa pale akisugua. Kazi ile haikuhitaji mkono uliotulia. Kutetemeka hata kulisaidia. Vidole viliwaka moto, kucha zikawa nyeusi, lakini jioni alikuwa na kopo linalong'aa kama meno ya mtoto. Nyumbani, juu ya nyama ya kondoo na viazi, alimsimulia Nance jinsi behewa linavyoendelea, nani ni mvivu na nani hajui kushika randa, na kwamba bila yeye milango ile ingeanguka. Nance alimwongezea mchuzi, akasema vizuri sana, Merv. Siku nyingine Mervyn alishangaa kwamba skrubu hazipungui. Lindsay alimwambia behewa lina milango mingi, makabati mengi, na kila bawaba inakula skrubu. Akaridhika.

Alhamisi moja Nance alikwenda Port Augusta kwa dada yake. Mervyn alizunguka nyumba mpaka ikamchosha, akavaa kofia, akajikongoja hadi karakana ingawa siku ile haikuwa zamu yake. Mlango mkubwa ulikuwa wazi. Ndani, Lindsay alikuwa amechuchumaa karibu na ndoo, ameshika kopo ambalo Mervyn alilijua vizuri, maana alikuwa amelimaliza Jumanne. Lindsay alilipindua. Skrubu zilimwagika katika maji ya chumvi na siki ya kuzifubaza upya, na harufu yake ikamfikia Mervyn pale mlangoni. Athol na wenzake wawili walikuwa wamekaa na vikombe.

"Zipe muda zioge," alisema Athol. "Keshokutwa mfalme anarudi kazini, lazima akute raia wake wachafu."

Wakacheka, kicheko cha mzaha uliozoeleka, kwani walikwisha kuucheka mara nyingi. Mmoja wao ndiye aliyemwona Mervyn kwanza, akakiangalia kikombe chake.

Mervyn aliingia hadi kwenye ndoo. Zilikuwa skrubu zake. Hakukuwa na kopo la pili, wala la tatu; tangu siku ya kwanza alikuwa akisugua zilezile. Aliangalia milango ya behewa. Ilikuwa imekwisha kufungwa kwa skrubu mpya kutoka dukani.

Aliuliza ni tangu lini. Lindsay alisimama, akajipangusa mikono taratibu kwenye suruali.

"Unakumbuka kile kipande cha chuma, bosi?" alisema. "Mwaka wangu wa kwanza. Ulinipa tupa, ukaniambia nikisawazishe pande zote mpaka mwanga usipite chini ya rula. Nilikisugua majira yote ya baridi, mpaka vidole vikatoka damu. Nilipokuletea ulikipima, ukasema kimenyooka, ukakitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Watu wote walicheka. Na mimi nilicheka, kwa sababu wewe ulikuwa unaniangalia."

Mervyn alisema yale yalikuwa mafunzo. Kila mwanagenzi alipitia hayo. Hata yeye mwenyewe alipitia.

"Na haya ni nini?" aliuliza Lindsay. "Lakini usinibebeshe mzigo wote peke yangu. Nenda nyumbani kamuulize mkeo. Yeye ndiye aliyekuja hapa kuniomba nikutafutie kazi isiyoisha."

Mervyn alirudi nyumbani na hakuwasha taa hata giza lilipoingia. Nance alimkuta mezani na kofia yake kichwani. Alipoulizwa, hakukana. Aliweka mkoba chini, akavuta kiti upande wa pili wa meza, akasema kwa sauti ileile ya kuulizia chumvi kwamba ndiyo, alikwenda kwa Lindsay. Habari ya ndoo hakuijua, lakini haikumshangaza.

"Nilitaka asubuhi mbili kwa wiki nipike bila kukaguliwa," alisema. "Tangu ustaafu nimekuwa mwanagenzi wako humu ndani, Merv. Wale vijana walikuwa wanaenda kwao jioni. Mimi kwangu ni hapa."

Mervyn alimjibu kwamba alikuwa akijaribu tu kumsaidia.

"Najua," alisema Nance. "Hata wao ulikuwa unawasaidia."

Kisha akainuka kupasha chakula.

Mji ni mdogo, na maneno hayana kwingine pa kwenda. Kufikia Jumamosi hata mwuza magazeti alikwisha kuisikia habari ya skrubu. Watu waliweka dau kimyakimya kwamba Mervyn hatatia tena mguu katika karakana ile. Alikuja. Alikuja mapema, amenyoa, amejikata mahali pawili kwa ule mtetemeko. Hakukaa kwenye kiti chake. Alikwenda moja kwa moja kwa Lindsay akamwambia anataka kazi ya kweli: kitasa kimoja tu cha mlango wa ndani, skrubu nne, azifunge kwa mkono wake.

Lindsay angeweza kumpa mlango wa nyuma, uliokuwa bado haujapakwa vanishi. Hakufanya hivyo. Alimpeleka kwenye chumba cha mbele, kwenye mlango wa ubao wa mwerezi waliouandaa kwa miezi, vanishi juu ya vanishi, unaoakisi uso kama kioo. Akamkabidhi bisibisi. Wenzake waliacha kazi, wakaja kusimama kwenye ujia wa behewa.

Skrubu ya kwanza iliingia. Mervyn alikandamiza mkono wa kulia kwa wa kushoto, akapumua kwa pua, akazungusha. Ya pili nayo iliingia, jasho likimtiririka shingoni ingawa kulikuwa na baridi. Kwenye ya tatu bisibisi iliruka kutoka kwenye mfereji wa skrubu, ikateleza kwa uzito wake wote juu ya ubao. Sauti yake ilikuwa fupi. Ulibaki mchubuko mrefu, mweupe, kutoka kwenye kitasa karibu hadi dirishani.

Baadaye Athol alisema kwamba hajawahi kuona uso wa mtu ukizeeka upesi kiasi kile. Mervyn aliugusa mchubuko kwa kidole, akijaribu kuhisi kina chake, jinsi alivyokuwa akifanya zamani kabla ya kumtukana mtu.

"Basi umeona," alisema Lindsay. "Kopo lako liko pale karibu na jiko."

Na Mervyn akaenda. Alikaa kwenye kiti chake, akachukua kitambaa, akaanza kusugua. Hakuwa na pengine pa kwenda. Nyumbani kulikuwa na mwanamke aliyezihesabu asubuhi zile mbili kuwa uhuru wake, na yeye alikwisha kulijua hilo. Tangu siku ile Lindsay hakuificha tena ndoo. Jioni alikuja, akachukua kopo, akalimwaga mbele ya mwenyewe, na Mervyn akamtazama akimwaga.

Siku behewa lilipozinduliwa, mji wote ulikuja. Kulikuwa na bendi ya shule, soseji za kuchoma, na diwani aliyekata utepe. Nance alipanda na wanawake wa kanisani, akakaa dirishani amevaa kofia ya bluu, na wengi walisema hawajawahi kumwona akicheka namna ile. Mervyn alipanda mwishoni kabisa, akasimama ujiani akijishikilia ukutani. Lindsay alikuwa akiwatembeza wageni kutoka Adelaide. Walipofika chumba cha mbele mgeni mmoja aliuliza mbona ubao mzuri hivi una alama mbaya, na Lindsay akaeleza kwamba hiyo ni ya tangu enzi za zamani, kazi ya mkata manyoya mmoja mlevi aliyekuwa akienda harusini na kisu chake, nao wajitoleaji wameiacha makusudi kwa ajili ya historia. Wageni walifurahi sana. Waliipiga picha. Mmoja alimwomba Mervyn asogee kidogo, anaziba mwanga.

Majira ya baridi yaliyofuata Mervyn hakuweza tena kutembea hadi karakana. Nance alimpigia simu Lindsay. Alichomwambia hakijulikani, ila Jumanne ile gari la Lindsay lilisimama nje ya nyumba yao, kioo kikiwa bado na barafu pembeni. Nance alimtoa mumewe hadi langoni, akamvalisha skafu, akageuka kurudi ndani kabla mlango wa gari haujafungwa.

Mervyn alivuta mkanda wa kiti. Ulimi wa chuma uligonga pembeni ya kifungio, ukateleza, ukagonga tena. Lindsay alikuwa na mkono kwenye ufunguo. Aliondoa mkono. Hakumsaidia, na wala hakuwasha gari. Alitazama mbele, barabara nyeupe kwa umande ulioganda, huku upande wa pili chuma kikigonga chuma.

"Usiniharakishe," alisema Mervyn.

"Sikuharakishi," alijibu Lindsay.

Wakaendelea kukaa hivyo.