Vidonge Chini ya Mtama

Siku niliyovunjika mguu, mwanangu, siikumbuki nikiwa nimekaa. Nikianza kuisimulia lazima nisimame, nizunguke uani, kwa hiyo nivumilie. Nilikuwa bado kijana, mpishi wa wachimbaji wa dhahabu huko Mwakitolyo, Shinyanga, mnene kiasi kwamba sukari ilishaanza kunisumbua. Nikapelekwa Dar, nikafanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Daktari alinionya mapema kwamba vitamini D ilikuwa chini mwilini mwangu hata kabla ya kisu, na kwamba baada ya kisu utumbo usingeinyonya vizuri. Nimeze vidonge vyake na vya kalsiamu kila siku, maisha yangu yote, na nirudi kupimwa damu. Niliitikia kama mtoto wa shule, nikapanda basi.

Sasa watu wa machimboni unawajua. Kwetu Usukumani mwanamke mnene anasifiwa, lakini ukikonda ghafla, wanakuzika kwa maneno. Nilipoanza kupungua, wiki haikuisha nikasikia, "Mama Masanja kakanyaga miwaya," yaani nina virusi vya UKIMWI. Na huyo huyo Mama Masanja aonekane anameza vidonge kila siku? Nilivifukia kwenye debe la mtama. Leo nameza kwa kujificha, kesho naruka, mwisho nikaacha. Simu za kliniki sikupokea. Nilijidanganya kwamba jua la Shinyanga linatosha. Jua gani, na mimi natoka alfajiri, nashinda jikoni chini ya bati, narudi limezama?

Mifupa ikaanza kuniuma. Mapaja yakalegea, nikawa siinuki kigodani bila kushika meza. Kichwa hakikutulia hata dakika moja, nahesabu wanaonitazama. Mficha maradhi kilio humfichua: asubuhi moja nilishuka kwenye bodaboda, hatua fupi tu, mguu ukalia. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililivunja kweli.

Nilipotoka hospitalini na plasta, alikuja kunipikia uji Mama Kulwa, mpishi mwenzangu aliyenizidi umri. Yeye alikuwa akimeza dawa zake za virusi kila asubuhi mbele ya wachimbaji wote, wala hakujali. Akatia mkono kwenye debe la mtama, ukatoka na vichupa, karibu vyote vimejaa.

"Mayu, mama wee, hivi ni vya nini?"

Nikamweleza yote, upasuaji, vitamini, maneno ya watu.

"Kwa hiyo uliogopa wasije wakadhani uko kama mimi."

Akavipanga vile vichupa kitandani, kando yangu.

"Mimi hawa wananiona nikimeza miaka yote hii, na ndoo ya maji najitwika mwenyewe. Wewe umelala hapo."

Nililia, mwanangu, si kwa maumivu ya mguu. Niliona haya kuliko siku zote nilizowahi kuona haya. Nikataka kubugia vidonge viwili vitatu palepale kufidia, akanishika mkono. "Kwanza mpigie daktari wako." Nilipimwa, nikapangiwa dozi upya, na ilichukua miezi mingi damu kukaa sawa. Mguu uliunga, ila umepinda kidogo, kama unavyouona.

Wewe unayekwenda kufanyiwa upasuaji huo, nisikilize. Upime vitamini D kabla, upime baada, na uendelee kupima hata ukijiona mzima. Meza ulichoandikiwa, usipunguze, usiongeze kwa akili yako. Mifupa ikiuma, sema siku hiyo hiyo. Na umeze mezani, mbele za watu. Wakiuliza, waambie, wasipouliza, waache wadhani wanachotaka, maana mdomo wao hautakubeba siku utakapoanguka.

Mungu akutie nguvu katika magoti yako, mwanangu, akupe wajukuu wa kuwakimbiza. Na akuondolee ile aibu iliyonifanya nikubali kuvunjika kuliko kufananishwa na mtu mwema.