Kuta za Najib, Mabati ya Timiro

Timiro alipanga nyumba isiyo na paa. Mji mzima wa Masalani ulimcheka, lakini hesabu yake ilikuwa sawa: kodi ndogo, na mbuzi aliowauza walitosha kununulia mabati. Yeye na Najib, mwenye nyumba, wakakubaliana mbele ya mzee Nuh: kuta za Najib, mabati ya Timiro. Akakaa humo miaka, akiuza maziwa mlangoni, wala kodi haikulala.

Mvua zilipokaribia, Najib akapata mpangaji mnono, afisa wa mradi wa maji kutoka Garissa. Akampigia simu Kerrow, mume wa Timiro, aliyekuwa malishoni na ng'ombe, akidhani wanaume watayamaliza wenyewe.

"Warya, bwana wewe," Kerrow akamjibu, "kwetu nyumba ni ya mwanamke. Hata mimi hunikaribisha tu. Ongea naye."

Ikabidi Najib aje mwenyewe. "Abaayo, dada yangu, afisa anakuja leo kuangalia nyumba. Toa vyombo."

"Na mabati yangu?"

"Yako? Kilichopigiliwa kwenye nyumba ni cha nyumba."

"Nuh alikuwepo."

"Nuh sasa hata jina lake hulisahau."

Timiro akatazama angani. Wingu jeusi lilikuwa limesimama upande wa mto, na ndani mlikuwa na watoto wake. Akishindwa, wote watalala nje. Akaegemeza ngazi, akafunga nguo kiunoni, akapanda na nyundo.

Bati la kwanza likaanguka kwa kishindo. Najib akaruka kando. "Una wazimu? Shuka!"

"Si umesema nihame? Anayehama hubeba vyake."

"Nitaita polisi!"

"Waite. Waambie duka gani lilikuuzia mabati."

Tone la kwanza likampiga shingoni. Mtoto akaanza kulia ndani. Hata hivyo bati la pili likashuka. Hapo gari la afisa likasimama.

"Mwenye nyumba ni nani?" afisa akauliza dirishani.

"Mimi," Najib akasema.

"Ni mwenye kuta," Timiro akadakia toka juu. "Paa ni langu, na naondoka nalo."

Afisa akatazama lile tundu. "Kazi yangu ni kutafuta maji, si kulala ndani yake." Akapandisha kioo, akaenda zake.

Mvua ikashika. Kuta zilikuwa za matofali ya udongo yasiyochomwa, na tope jekundu likaanza kuchuruzika. Najib akaliona.

"Abaayo, rudisha mabati! Kaa mpaka mwaka uishe."

"Miaka miwili. Kodi ile ile."

"Unaninyonga!"

"Mimi nalowa tu. Zinazoyeyuka ni zako."

"Haya, miwili! Wallahi!"

"Wallahi ya mvuani hukaushwa na jua. Lete mashahidi wawili. Na safari hii wawe vijana."

Najib akampandishia yale mabati mawili kwa mikono yake, kisha akakimbia kutafuta mashahidi, kikoi amekishika juu ya magoti. Timiro akayatandika juu ya tundu, akayakalia. Msumari hakugonga hata mmoja, mpaka alipowaona watu watatu wakija, wamebanana chini ya mwavuli mmoja.